Nimealikwa kwenye kikundi cha wanaobeba bastola kiunoni waziwazi hapa Texas, naombeni ushauri

Msambaa_FortWorth

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Fort Worth na mke wangu na watoto wawili, wa mwisho hajaanza shule. Nina grini kadi, na maombi ya uraia nimeshapeleka, nasubiri kuitwa kwenye usaili.

Ghalani ninapofanya kazi ya usiku kuna wenzangu watatu ambao wakiwa nje ya kazi hubeba bastola kiunoni, inaonekana kabisa. Wana kikundi chao. Jumamosi wanakutana uwanja wa shabaha, wakimaliza wanakwenda kula mgahawani na familia zao, kila mtu na bastola yake nje ya shati. Wamenialika nijiunge. Nilikwenda kuangalia tu, sikupiga risasi. Kusema kweli nilivutiwa. Kijana mmoja aligeuka kuzungumza na mwenzake huku bastola iko mkononi. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, akamwambia aiweke mezani, akae kwenye benchi, na siku hiyo hakupiga tena. Hakuna aliyebisha, hata baba yake aliyekuwa pale.

Sababu zangu ni mbili. Natoka kazini saa nane usiku, na kituo cha mafuta ninachopitia kimeshavamiwa. Ya pili ni upweke. Tumeishi mtaa huu miaka na majirani ni kupungiana mikono tu. Hawa ndio Wamarekani wa kwanza kuniambia "njoo na mama na watoto."

Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema kwetu Lushoto bunduki tuliiona kwa askari na mlinzi wa benki, na kwamba mtu mweusi mwenye lafudhi hawezi kutembea na bastola kiunoni akatazamwa kama wenzake wanavyotazamwa.

Je, grini kadi inaniruhusu? Uraia wangu hautaingia dosari? Kuna Mswahili yeyote humu aliye kwenye kikundi cha namna hii? Natanguliza shukrani.

Kalamu_Houston

Karibu ndugu. Mimi husaidia watu wetu kujaza fomu za uhamiaji, kwa hiyo nitakaa hapo hapo kwenye makaratasi.

Kwa sheria ya taifa, mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua na kumiliki silaha. Wanaozuiwa ni walio kwa viza za muda: mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa mkataba, isipokuwa wachache, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Kumbuka hili vizuri kwa sababu vikundi hivi hupenda kuleta wageni. Mdogo wako akija kwa viza ya kutembea, usimpeleke uwanjani ukampa bastola "ajaribu kidogo." Kuishika tu kunahesabika.

Dukani utajaza fomu inayoitwa 4473. Jaza mwenyewe, kwa mkono wako, bila haraka. Wataomba namba yako ya uhamiaji na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa. Kuna swali la uraia: andika Tanzania. Nimeona watu wamezoea kuweka alama kwenye kila kisanduku wakitaka kumaliza, na kudai uraia ambao huna ni kosa linaloweza kukutoa nchi hii moja kwa moja. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inasema wazi kwamba kwa sheria ya taifa ni haramu hata pale jimbo liliporuhusu.

Kumiliki kihalali hakuzuii uraia. Kinachotisha ni kutiwa hatiani. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akipatikana na hatia ya kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, ya taifa au ya jimbo, anaweza kuondolewa nchini. Haiangalii umefungwa miaka mingapi. Mwenzako mzaliwa wa hapa akikosea atalipa faini na kurudi kazini. Kosa hilo hilo kwako linaweza kuishia mbele ya jaji wa uhamiaji. Mngekuwa mmekaa meza moja, mmevaa bastola zinazofanana, lakini hatari zenu si moja.

Na siku ya usaili, au ya kuchukuliwa alama za vidole, bastola ibaki nyumbani. Lile ni jengo la serikali ya taifa, kuingia na silaha ni jinai.

Ningekuwa wewe ningeapa kwanza kiapo cha uraia, ndipo nifikirie kiuno.

Lualaba_Dallas

Mimi ni Mkongo, niko Dallas, na nina silaha tangu nilipopata uraia. Niko kwenye tawi la chama cha kitaifa cha wamiliki weusi, kile kilichoanzishwa mwaka 2015 kule Georgia. Kaka, hujakosea kuvutiwa. Mafunzo mazuri ya silaha huyapati peke yako mbele ya video, unayapata kwa mtu anayekusimamisha kama yule mzee alivyofanya. Kikundi ambacho mtu akikosea wote wananyamaza, ondoka siku hiyo hiyo.

Sasa Texas. Tangu Januari 2016 mwenye leseni aliruhusiwa kubeba bastola waziwazi, na tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hana kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bila leseni, mradi ikiwa inaonekana iwe ndani ya ala yake. Wenzako watakuambia leseni haina kazi tena. Wasikudanganye. Kuna sheria ya taifa ya mwaka 1990 inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300 hivi, na inamwondoa kwenye kosa mtu aliyepewa leseni na jimbo hilo. Asiye na leseni, anayetembea barabara ya umma karibu na shule na bastola yenye risasi, yumo kwenye kosa hata kama Texas imemruhusu. Hebu angalia ramani ya mtaa wako uone shule zilivyosambaa. Kwa asiye raia, hiyo peke yake inatosha kukaa darasani siku moja ukachukue leseni.

Jifunze mabango. Mlangoni ukiona maandishi marefu ya Kiingereza na Kihispania, herufi zenye urefu wa inchi moja, tafuta namba. 30.07 maana yake mwenye leseni asiingie na bastola inayoonekana. 30.06 ni ile iliyofichwa. 30.05 inawahusu wasio na leseni. Baa zina bango jekundu la 51%, hapo usiingie nayo kabisa. Na kuna maduka ambayo hayana bango lakini yameomba. Baada ya mauaji ya El Paso ya Agosti 2019, watu 23 walikufa, Walmart na Kroger waliwaomba wateja wasije na silaha zinazoonekana.

Mimi hubeba ndani ya shati. Bastola inayoonekana humwambia mwizi aanze na nani, na nyuma yako huna macho. Ukiamua kubeba nje, usinunue ala ya dola kumi. Nunua inayofunga, ile ambayo bastola haitoki mpaka ubonyeze kwa kidole gumba, na mkanda mgumu uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kijana_wa_Sakina

Niko Arusha. Naomba kuuliza bila kukwaza mtu: hivi kubeba waziwazi kuna faida gani? Hapa mtu anaanza na barua ya serikali ya mtaa, anapita kamati, anapita polisi, na akiipata anaificha ili hata jirani asijue.

Lualaba_Dallas

Swali zuri mdogo wangu. Wanaopenda watakuambia inachomoka haraka, kwamba jambazi akiiona atapita, na kwamba joto la Texas la Agosti halikuachii kuvaa koti la kufichia. Wengine wanataka majirani wazoee kuiona silaha kwenye mkono wa mtu mwema. Mzizi wake ni kwamba kwao ni haki ya kikatiba. Nawaheshimu katika hilo. Ila historia yake kwa mtu mweusi ni ndefu: mwaka 1967, Black Panthers, kikundi cha kutetea haki za watu weusi, walipoingia na bunduki kwenye bunge la jimbo la California, jimbo hilo lilipiga marufuku kubeba silaha yenye risasi hadharani, na aliyetia saini ni gavana Ronald Reagan.

Mama_Shani

Mwanangu, mimi ni nesi wa chumba cha dharura, na nimeona mengi ambayo vikundi havizungumzi. Hujasema bastola italala wapi. Una mtoto ambaye hajaanza shule.

Unarudi saa nane usiku umechoka, unavua mkanda, unauweka juu ya friji au chini ya mto. Asubuhi wewe umelala, mtoto ameamka. Mtoto wa miaka 3 hushika kwa mikono miwili akabonyeza kwa dole gumba, na mdomo wa bastola unakuwa umemwelekea yeye. Hiyo ndiyo sababu majeraha yao hukaa pale yanapokaa, na sitaeleza zaidi. Texas imeweka kosa la jinai kwa anayeacha silaha yenye risasi mahali anapoweza kuifikia mtoto wa chini ya miaka 17. Nunua sefu ndogo ya kufunga ukutani kabla hujanunua bastola. Vituo vingi vya polisi hugawa bure kufuli za waya, kaombe.

Jingine ni la sisi wakubwa. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani ni watu waliojiua. Umetaja upweke na kazi ya usiku kwa kinywa chako mwenyewe. Sikutabirii baya, nakuuliza kama mama: unalala? Una wa kuzungumza naye Kiswahili? Kama kinachokuuma ni kukosa watu, jumuiya zetu zipo hapo Fort Worth na Dallas, misikitini na makanisani, na hazikutaki uje na kitu kiunoni.

Mkeo msikilize. Nyumba yenye silaha ambayo mmoja haitaki huwa inafichana, na silaha ya kufichana ndiyo mtoto huipata.

Mzee_Pwani

Mke amesema kweli na mifano iko huko huko kwenu. Julai 7, 2016, Dallas, watu waliandamana kwa ajili ya vifo vya Alton Sterling na Philando Castile, watu weusi waliouawa na polisi. Mark Hughes, mtu mweusi, alibeba bunduki begani, na kwa sheria ya Texas ilikuwa halali. Mtu mwingine akaanza kuwapiga risasi polisi, watano wakafa. Polisi wakasambaza picha ya Hughes wakimtaja kuwa mshukiwa, ilhali alikuwa ameshamkabidhi askari bunduki yake barabarani. Akajisalimisha, akahojiwa, akaachiwa. Fikiria saa zile ambazo nchi nzima ilikuwa inautafuta uso wake.

Castile mwenyewe, siku moja kabla, kule Minnesota, alikuwa na kibali. Alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Alipigwa risasi ndani ya gari, mpenzi wake na mtoto wa miaka 4 wakitazama. Mwaka 2017 mahakama ilimwachia huru askari.

Siandiki haya kukutisha. Waulize hao wenzako, usoni, kama wanaijua mifano hiyo. Uliza pia: siku polisi wakiitwa mgahawani kwa sababu kuna mtu mwenye bastola, watakaosimama nawe ni nani? Wakikujibu kwa uzito, ni marafiki. Wakikwambia mambo ya rangi yamepitwa na wakati, umejua.

Chunguza pia shughuli zao. Kupiga shabaha na kula pamoja ni jambo moja. Kama wanakwenda na bunduki kwenye maandamano, kulinda majengo yasiyo yao au kukaa mpakani, hapo usikanyage, hasa ukiwa na faili mezani kwa uhamiaji. Na kataa kupigwa picha za kuwekwa mtandaoni umeshika bunduki.

Msambaa_FortWorth

Nimesoma kila neno, na usiku nilimsomea mke wangu. Mama Shani, kulala silali vizuri, ni kweli. Asante kwa kuniuliza.

Niliwauliza wenzangu wawili swali la Mzee Pwani wakati wa mapumziko. Mmoja alinyamaza muda mrefu, akasema yeye husimamishwa na polisi na kuachiwa kwa mzaha, na hakuwahi kufikiri kwamba mimi sitaachiwa hivyo. Mwingine alibadilisha mada.

Tumekubaliana nyumbani hivi: bastola hainunuliwi kabla ya kiapo. Jumamosi nitaendelea kwenda na familia kwenye chakula, bila kitu kiunoni, na yule mzee nimemwomba anifundishe usalama. Mke wangu amesema naye atakuja kujifunza namna ya kutoa risasi ili asiwe mgeni nayo. Sefu tutanunua pamoja muda ukifika. Kazini nimeomba zamu ya mchana.

Swali moja limebaki. Kabla ya kiapo, nikiwa nafundishwa na silaha ya mzee uwanjani, nina kosa lolote?

Kalamu_Houston

Kwa grini kadi, kama huna kizuizi kingine, huna kosa. Beba kadi yako yenyewe mfukoni, wala si picha kwenye simu, maana kuanzia miaka 18 sheria inakutaka uwe nayo. Na ukitoka uwanjani kagua mifuko ya suruali na begi, risasi moja hujificha kwenye mshono. Begi la kwendea shabaha lisiwe ndilo la kusafiria. Ukikutwa nayo uwanja wa ndege Dar es Salaam utajieleza polisi chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, na ndege itakuacha.

Lualaba_Dallas

Na mkienda kumtembelea ndugu Chicago na gari la rafiki wa kikundi, muulize kabla hamjaondoka kama ana bastola. Illinois hairuhusu kubeba waziwazi, na leseni ya Texas haikusaidii kutembea nayo huko.