Ngome ya jeshi iligeukaje bustani ya watu kupumzika?

mtoto_wa_kambi
Wadau salama? Binamu yangu yuko Barcelona kanitumia picha za bustani inaitwa Ciutadella, watu wamelala kwa nyasi, wengine wanapiga makasia kwenye kaziwa, eti zamani hapo ilikuwa ngome ya jeshi. Mimi nimezaliwa kambini Jinja, najua uwanja wa jeshi hata ukikata njia tu utaulizwa unatoka wapi. Sasa wale waliachiaje? Na ngome yenyewe iko wapi mbona siioni?

mzee_wa_kilimani
Huioni maana waliibomoa kijana. Mfalme Felipe wa Tano wa Uhispania aliuteka mji 1714 baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka, halafu akajenga ngome ya umbo la nyota, pembe tano, na haikuwa ya kuwakinga watu na adui, ilikuwa ya kuwachunga wao wenyewe!! Kupata nafasi akavunja nyumba kama 1,000 za mtaa wa La Ribera. Sasa fikiria umevunjiwa nyumba halafu kila asubuhi ukiamka mzinga unakutazama, tena pale pale ndio jela. 1869 Jenerali Prim, mkuu wa serikali ya Uhispania wakati huo, akaurudishia mji ile ardhi, Josep Fontserè akachora bustani, na 1888 wakafanyia hapo maonyesho ya dunia.

dada_wa_arua
Mzee kweli ila haikuondoka yote. Kanisa la ngome lipo, nyumba ya gavana ni shule, na ghala la silaha ndimo linakaa bunge la Catalonia, lile jimbo lenye Barcelona, siku hizi. Bunge ndani ya ghala la silaha, nimecheka peke yangu kwenye teksi watu wananiangalia 😂

boda_mwenye_hoja
Na yetu je? Ngome ya Lugard, yule afisa Mwingereza, ya 1890 pale Old Kampala ilivunjwa kupisha msikiti. Sisemi vibaya, msikiti ni mzuri, ule mnara nimeupanda mpaka magoti yakagoma, lakini mahali pa kukaa bure kwa nyasi hapa mjini unitajie mangapi? Labda twende Patiko kule Gulu kwa ngome ya Baker, yule mpelelezi Mwingereza, ya 1872 ile, mawe yapo ila si mjini.

mtoto_wa_kambi
Asanteni sana. Kumbe zile nyumba zilizovunjwa ndio zikapotea kabisa?

dada_wa_arua
Hapana, jirani na bustani kuna soko la zamani El Born, walipochimba chini wakakuta njia za La Ribera ile na misingi ya nyumba, sasa watu wanaingia kuangalia. Mwambie binamu aende atupigie picha, nyasi tumeshaziona.