Naogopa boksi na jampu kuliko nilivyoogopa kuanza ski, mliopita hapo mlifanyaje?

MamaZu_Tanga

Wakuu habari za saa hizi. Mi mtu wa Tanga, niko Denver mwaka wa saba sasa, ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni, nilianza misimu mitatu iliyopita sababu ya mwanangu, nilichoka kukaa chini pale na kikombe cha chai nikimsubiri. Saa hivi njia za bluu, zile za kati, nashuka bila wasiwasi na nyeusi, zile ngumu, moja moja nashuka taratibu. Shida yangu ni paki, ile sehemu ya maboksi na mareli ya kutelezea juu yake, na majampu, vile vilima vya theluji vya kurukia.

Mwaka jana mwezi wa pili nilijaribu boksi moja pana kabisa, kimo hata kwenye goti halifiki, yani unaliingia moja kwa moja bila kuruka. Nimefika katikati nikahisi ski zinateleza vingine nisivyozoea, nikaegemea upande nishike na makali ya pembeni ya ski, miguu yote miwili ikaondoka kwa pamoja nikaangukia nyonga kwenye ukingo wa boksi. Hakuna kilichovunjika alhamdulillah ila wiki mbili nalalia upande mmoja.

Toka siku hiyo nikifika pale juu nasimama. Naliona lile boksi la njano na mikwaruzo yake, watoto wa miaka minane wanapaza sauti "droping!", yani naingia mimi, wananipita wanaenda, kila anayepita plastiki inalia kwaaa, na mi magoti yameshalegea. Jampu ndo kabisa, nimeijongelea mara nne, zote nikikaribia mdomo wa jampu napiga pitsa, yani nakutanisha ncha za ski mbele kuvunja spidi, nasimama juu kabisa. Mume wangu anasema achana nayo, miaka 38 unatafuta nini. Lakini mi nataka, nikimuona mtu anaelea hewani hata sekunde moja moyo wangu unaenda naye. Woga huu unatokaje? Msiniambie nijikaze tafadhali, nimejikaza sana na bado nasimama.

Likoni_Utah

Dadangu pole kwa hiyo nyonga. Mimi niko huku Utah, paki nimeianza nikiwa na 31 kwa hivyo hilo la umri liweke kando.

Sikiza, siku ile mwili wako ulifanya kile ulichoufundisha mwenyewe. Kwenye theluji ukihisi wateleza waegemea, makali yauma, wasimama. Juu ya boksi ni plastiki, makali hayana cha kuuma, ukiinamisha ski hata kidogo tu miguu yaenda zake na wewe wabaki. Kwa hivyo kabla ya kurudi kwa lile boksi uufundishe mwili jambo jipya, na huko hakutaki ushujaa wowote. Tafuta njia ya kijani, ile rahisi kabisa, chukua fimbo yako uchore mistari miwili kwenye theluji, upana wa boksi, urefu kama wa gari, kisha upite katikati ski zikiwa bapa kabisa, usikate kulia wala kushoto, magoti laini, ugoko umegusa ulimi wa buti, macho pale mistari inapoishia. Ukitazama ncha za ski utazifuata hizo hizo. Pita mara ishirini. Unyoofu wako uutengeneze mita kumi kabla ya mistari, ukishaingia hapo katikati usirekebishe chochote.

Na nyumbani waweza pia, vaa soksi, weka ubao kwa zulia, ruka ugeuke robo utue nyayo zote mbili zikiwa bapa juu ya ubao. Hii ni ya baadaye ukitaka kupita boksi kwa ubavu lakini anza sasa, wajifunza ile hali ya kusimama katikati ya miguu. Mimi nimeifanya jikoni msimu mzima, mke wangu alikuwa akinipita na sufuria.

Kipepeo_wa_Nakuru

Likoni amemaliza ya boksi, wacha niongee ya jampu sababu nimefanya kazi ya lifti za kupandisha watu mlimani misimu miwili huku Colorado na nimeona watu wengi wakiumia vile vile.

Mama Zu hiyo pitsa ya mdomoni ndo inanitia wasiwasi. Jampu za kujifunzia zimechongwa kama meza, kuna mdomo wa kurukia, kuna bapa katikati, alafu kuna mteremko wa kutua. Ule mteremko ndo unakulinda, unashuka ukielekea kule kule mwili wako unakoelekea so mguu haupati kishindo. Mtu akiogopa akivunja spidi dakika ya mwisho anaruka bado, ila hafiki, anatua kwenye bapa ama pale kwenye kona bapa linapoanza kushuka na hapo magoti na mgongo vinabeba uzito wote. Alafu woga unakukalisha nyuma, ukitoka mdomoni umekaa nyuma ski zinapaa mbele yako unashuka na mgongo. Kwa hivyo ile nusu nusu ndo mbaya kushinda kwenda na kushinda kutokwenda.

Vile nilifanya mimi, chagua alama mbali na jampu, pale paki huwa kuna vile vigingi vya mianzi kando. Sema na roho yako kabla ya mwanzi huu niko huru, nikitaka natoka pembeni na sina deni na mtu. Nikishaupita sishiki breki tena. Mara tano za kwanza panga kabisa kutoka pembeni, usijilazimishe, yani unazoea tu kufika pale na kuamua. Mimi woga ulipungua hapo kwa sababu ulikuwa umebaki na mahali pamoja pa kukaa badala ya kunifuata kutoka lifti mpaka chini.

Spidi usibahatishe. Mwombe mtu anayeijua hiyo jampu umfuate nyuma kwa nafasi ya kutosha, bila kuruka, wewe unaangalia alipoanzia na kama alikata kona yoyote. Hata wale wa slopestyle, yale mashindano ya kupita mareli na majampu, tangu iingie Olimpiki ya Sochi 2014, kwenye mazoezi utaona wanapita kwanza kupima spidi tu. Na upime upya kila siku, hata kila saa, sababu huku mwezi wa tatu na wa nne theluji ya asubuhi ni barafu inakukimbiza, saa sita ikilainika inakushika na spidi ile ile ya asubuhi haikufikishi.

Uanze na zile zenye herufi S, yani ndogo, kwenye kibao cha chungwa chenye umbo la yai. Na kama uko Denver panda barabara kuu ya I-70 mpaka mlima wa ski wa Copper, kuna jengo la mazoezi la Woodward lina trampolini na shimo limejaa sponji, unaruka hapo mpaka mwili uzoee kuwa hewani bila kuwaza kuanguka.

Bint_Unguja_DXB

Nakubaliana na hapo pa kurudia rudia. Mi nimejifunzia Ski Dubai pale Mall of the Emirates, njia ndefu kuliko zote ni mita 400, usiku wa fristaili, yani wa michezo ya paki, walikuwa wanapanga boksi na reli na unarudi pale pale mpaka unachoka. Hakuna upepo wala barafu ya asubuhi, theluji leo kama jana. Kilichonisaidia dada ni kwenda na mwenzangu mmoja tu, sio kundi. Kundi linashangilia nawe unaenda kabla hujawa tayari.

Nesi_Arusha

Mama Zu, ruka mguu mmoja ulioumia mara kumi nyumbani, kama nyonga bado inauma au mwili unaukwepa ule mguu basi paki isubiri. Na helmeti ikishapigwa kwa nguvu ibadilishwe hata kama nje haina ufa. Ukigonga kichwa ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu siku imeisha hapo, usirudi kujaribu ya mwisho.

MamaZu_Tanga

Wapendwa nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki tatu. Nilichora mistari kama Likoni alivyosema, mwanangu akawa anahesabu, tulifika ishirini na sita. Jumatano asubuhi paki ilikuwa tupu nikalirudia boksi, lile lile la njano. Mara mbili nikatoka pembeni. Ya tatu nikapita, nikasikia ile kwaaa chini ya miguu yangu mwenyewe na ski zikagusa theluji upande wa pili, nikakaa chini pale pembeni nikalia kidogo. Nimelipita mara saba siku hiyo.

Jampu bado. Nimefika kwenye mwanzi mara nane, zote nimetoka pembeni na nimepanga hivyo hivyo. Kipepeo, Jumapili mwanangu atanitangulia nipime spidi nyuma yake, ila yeye ana kilo 30 na mi nina 71, ile spidi yake itanifaa au nitafute mtu mzima?

Kipepeo_wa_Nakuru

Tafuta mtu mzima, mwenye uzito wa karibu na wako. Mtoto mwepesi theluji laini inamshika mapema, wewe ukianzia alipoanzia unaweza ukafika na spidi zaidi ukapitiliza mteremko. Niko off Jumapili, niandikie inbox useme ni mlima gani.