Ripoti ya Form Five ina uzito gani kwenye skolashipu?

MamaWaKiwira

Habari zenu ndugu zangu. Naandika kutoka Kiwira, hapa Rungwe, nauza parachichi na ndizi sokoni. Binti yangu yuko Form Five, PCB, anasoma bweni mkoani Iringa. Form Four alipata divisheni ya kwanza, pointi 10, mchungaji akamtaja kanisani na majirani wakaja kunipa mkono.

Juzi amerudi likizo. Akatua begi, akaingia jikoni moja kwa moja akaanza kusonga ugali kabla sijamwambia neno. Nikajua kuna jambo. Tulipomaliza kula akanipa ripoti aliyoikunja mara nne: Fizikia 43 E, Kemia 54 D, Baiolojia 66 C. Pointi 12, divisheni ya pili.

Sikumgombeza. Kinachoniumiza ni kwamba mtoto huyu ndoto yake ni skolashipu, iwe ya hapa nchini au ya Marekani. Anasoma kwenye simu ya kaka yake habari za skolashipu ya huko inayoitwa HOPE, wanataka GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0, na sasa analia kwamba ripoti hii imeshamharibia. Kaka yake anamwambia ripoti za muhula ni makaratasi tu, kinachohesabika ni mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, wa Form Six. Yupi anasema kweli?

Jambo la pili. Ripoti zake za Form Three sina hata moja. Shule aliyosoma, ya binafsi huko Mbeya mjini, tulikuwa tunadaiwa ada 180,000, wakazizuia. Matokeo ya Form Four yalipotoka mazuri nikaona basi, hazina kazi tena. Je, nihangaike kuzitafuta?

BabaWaUyole

Pole dada. Kijana wako yuko sahihi. Muhula wa kwanza wa Form Five karibu wote wanaporomoka, wangu alirudi na F ya Kemia na leo yuko chuo. Vyuo vyetu vinaangalia NECTA. Mwache mtoto apumzike.

Mtaaluma_Iringa

Mama, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa taaluma, ripoti kama hizo naziandika kila muhula.

Kwa ufadhili wa hapa nchini, kaka yake amesema kweli. Samia Scholarship, ile iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 chini ya Bodi ya Mikopo, inawatazama waliofaulu kwa viwango vya juu kabisa mtihani wa Form Six kwenye tahasusi za sayansi, kisha wakadahiliwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Ripoti ya muhula haiulizwi. Ila naomba tusidanganyane: divisheni ya kwanza ya Form Six ni pointi 3 hadi 9, pointi chache ndiyo ufaulu wa juu, na mwenye 9 yuko mbali sana na mwenye 3. Ushindani uko kule juu. Akiikosa, mkopo wa Bodi ni habari nyingine, huo unapimwa zaidi kwa hali ya familia: yatima, mwenye ulemavu, kaya maskini iliyo kwenye mpango wa TASAF. Kwa hiyo mlango haufungwi na alama peke yake.

Hiyo 43 ya Fizikia isipuuzwe. Wanafunzi wa PCB hawasomi Hisabati kamili, wanasoma BAM, ile hisabati nyepesi, na Fizikia ya Form Five inawapokea na mekanika yenye vekta na hesabu ndefu. Wengi wanajua dhana, wanaangukia kwenye hesabu. Mwambie alete karatasi yake ya mtihani, akae nayo na mtu anayejua, atafute alama zimepotelea wapi. Mara nyingi ni mada mbili tu.

KijanaWaMakambako

Shikamoo mama. Nimesoma Marekani miaka minne kwa ufadhili wa ufaulu, chuo kidogo jimbo la Ohio, kwa hiyo naomba niseme kuhusu upande huo, maana huko mambo ni kinyume kabisa na alivyosema BabaWaUyole.

Kwanza mtoto aache kulilia HOPE. Hiyo ni ya jimbo la Georgia, ilianza 1993, inalipwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo, na ni ya wakazi wa Georgia. Hata angekuwa na A tupu asingeipata. Kule skolashipu nyingi zinazosomeka vizuri mtandaoni ni za wenyeji wa jimbo fulani, kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma ni nani anaruhusiwa kuomba, alama baadaye. Na vile vyuo ambavyo kila mtu anavijua jina, Harvard na wenzake, havitoi kabisa skolashipu ya ufaulu. Vinatoa msaada kwa kuangalia familia ina uwezo gani. Skolashipu ya alama iko zaidi kwenye vyuo vya majimbo na vyuo binafsi visivyo na jina kubwa, na vingine vinaweka jedwali wazi kabisa: GPA kuanzia hapa mpaka hapa, unapata kiasi hiki kwa mwaka.

Sasa hiyo GPA inatoka wapi? Haitoki NECTA peke yake. Wanaomba alama za kila mwaka, kwa kawaida miaka minne ya mwisho ya sekondari. Na fikiria kalenda, mama. Maombi mengi yanafungwa kati ya Novemba na Januari. Mtihani wa Form Six unafanyika Mei, matokeo Julai. Akiomba akiwa bado Form Six, hakuna NECTA ya Form Six ya kumwonyesha mtu. Wanachokiona ni matokeo ya Form Four na ripoti hizo hizo anazosema kaka mtu ni makaratasi. Wengi wetu tuliomba mwaka uliofuata, matokeo yakiwa mkononi, na bado ripoti zilitakiwa.

Zangu bibi alikuwa anaziweka kwenye sanduku la bati pamoja na kitenge chake cha harusi. Nilipofungua zilikuwepo zote isipokuwa muhula wa pili wa Form Three. Nikarudi shule, mtaaluma akashusha kutoka juu ya kabati daftari kubwa la alama, limeliwa na panya pembeni, akatafuta namba yangu kwa kidole mpaka akaipata. Alinakili somo moja moja, akachapa, mkuu wa shule akasaini na kugonga mhuri.

Nikatuma. Baada ya wiki mbili afisa udahili akaniandikia kuuliza: shuleni kwenu A inaanzia ngapi? Kwao A mara nyingi ni 90 kwenda juu, na 76 ni C. Mimi kwenye ripoti za kidato cha nne nilikuwa na 76, 78, 75, zote A, kwa sababu kwetu A ya Form Four inaanzia 75, na Form Six 80. Angezisoma kwa macho ya kwao ningekosa. Mkuu wa shule akaandika barua ya ukurasa mmoja yenye ngazi za alama, akaongeza kwamba nilikuwa wa 4 kati ya 96. Ile barua ndiyo iliyonivusha, naamini hivyo mpaka leo. Mama, ukichukua ripoti, dai na hiyo barua.

Kuhusu hiyo 43: haijamharibia. Wanasoma mwelekeo. 43, halafu 57, halafu 68, ni mtoto anayepanda, na mwalimu wake anaweza kulieleza hilo kwenye barua ya mapendekezo. Kinachoua ni 43 ikifuatiwa na 41.

Mtaaluma_Iringa

Hapo kwenye ngazi za alama nimejifunza. Sisi tunatoa ripoti bila kuambatanisha chochote.

MamaWaKiwira

Marahaba wanangu, nashukuru sana. Nimemsomea yote tukiwa tumekaa nje. Aliposikia HOPE ni ya Georgia peke yake alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kuchukua karatasi ya mtihani wa Fizikia. Kumbe alikuwa ameificha chini ya godoro. Swali la mwendo wa duara amepata 2 kati ya 20. Kaka yake amesema atampeleka kwa mwalimu mmoja Tukuyu likizo hii.

Jumatatu napanda Coaster kwenda Mbeya kulipa ile 180,000. Fedha ya parachichi ipo. Swali langu la mwisho: kama ripoti za Form Three hawakuziandika kabisa, wakaziandika upya sasa, zitakubalika?

KijanaWaMakambako

Zitakubalika mama, mradi waandike tarehe ya siku hiyo hiyo na waseme ni nakala kutoka kwenye kumbukumbu za shule. Wakitaka kurudisha tarehe nyuma, kataa. Na omba seti tatu zenye mhuri halisi, moja usiitoe nyumbani kamwe.