Zoho, Google ama imeili ya hosting? Na euro za klaenti zipitie wapi zisiliwe njiani

mtafsiri_wa_Ngara
Wasee habari. Tuko watu watatu, kazi yetu ni tafsiri na maandishi ya chini ya video, ofisi ni chumba kimoja Ngara juu ya duka la vioo. Miaka yote tumetumia ile imeili inakujanga na hosting ya tovuti, na sasa nimechoka. Juzi klaenti wa Ujerumani ameniuliza mbona simtumii invoisi na mimi niliituma kitambo, kumbe imelala kwa spamu yake pamoja na wauza vidonge. Niliona aibu sana. Nataka kuhama, nimebaki na Zoho, Google Workspace, Microsoft na Proton, sijui nishike gani. Swali la pili linaenda na hilo hilo, huyu jamaa analipa kama euro 1,800 kwa mwezi, ikipitia benki inafika imepungua na hakuna mtu anakuambia nani amekula. Nitumie PayPal, Payoneer, akaunti ya euro hapa hapa, ama nifungue huko nje kabisa kama wakubwa? Nipeni yale mmepitia wenyewe, matangazo nishayaona.

Kidole_Juu
akaunti ya nje kama wakubwa 😂😂 buda unataka kuingia Pandora Papers, zile siri za akaunti za nje zilizovuja 2021, ukiwa na chumba kimoja Ngara

seva_na_chai
Nianze na imeili. Shida yako si jina la kampuni, ni seva ya kushare. Hapo kwa hosting ya bei rahisi mko watu mamia kwa IP moja, yaani anwani moja ya seva, jirani mmoja akianza kutuma takataka IP inachafuka na nyinyi wote mnaenda spamu, hata kama umeandika Kijerumani safi namna gani. Halafu cheki kama domeini yako, lile jina la tovuti na imeili, iko na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) na DKIM (sahihi ya siri kwa kila barua), nakuhakikishia haina, ama iko nusu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo walikaza, kila mtu lazima awe na angalau moja ya hizo mbili, na wale wa kutuma barua 5,000 na zaidi kwa siku lazima na DMARC juu, ile inasema barua ikifeli hizo mbili ifanywe nini. We tia zote tatu tu, ni mistari mitatu minne kwa DNS, pale mipangilio ya domeini inakaa, haimalizi chai.

Sasa kuchagua. Zoho iko na plani ya bure mpaka watu watano, GB 5 kila mmoja, lakini hiyo ya bure haina IMAP, ile njia ya kusoma imeili kwa programu zingine, kwa hivyo Outlook na Thunderbird sahau, ni kwa brauza ama app yao. Kwa watu watatu wa Ngara mimi ningeanzia hapo bila kufikiria mara mbili. Google ile ya chini inakupa GB 30 kila mtu, Microsoft Business Basic inakupa sanduku la kuanzia GB 50 na TB 1 ya kuweka mafaili, zote ziko sawa, ila unalipa kwa dola kila mwezi kwa kila kichwa na VAT ya asilimia 16 inakungoja hapo. Proton ni ya Uswisi, nzuri kama unaficha kitu, lakini ule usiri wao kamili unajiweka wenyewe tu mtu wa Proton akiandikia mtu wa Proton, na klaenti wako sidhani yuko huko.

Kitu ya maana kuliko hizo zote: domeini imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni la fundi aliyekutengenezea tovuti, leo hii anza kumtafuta. Nimeona mtu wa Industrial Area akibembeleza fundi miezi miwili kwa .co.ke yake mwenyewe.

mtafsiri_wa_Ngara
Ngai. Iko kwa jina la fundi.

seva_na_chai
wote hujibu hivyo hivyo

DadaWaMahesabu
Kaka hapo kwa pesa nitakusaidia, imeili niachie wenyewe. Hiyo pesa inapungua njiani kwa sababu benki ya klaenti na benki yako hazijuani, kuna ya katikati moja ama mbili na kila moja inakata. Ukiona fomu imeandikwa SHA mnagawana ada, BEN unabeba wewe, OUR anabeba mtumaji, sasa mwambie klaenti achague OUR na mkubaliane kabla ya kazi, si baada. Na siku pesa ikifika pungufu usigombane na dada wa kaunta, mwambie klaenti aombe kwa benki yake nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT (ulikuwa unaitwa MT103, tangu Novemba 2025 ni pacs.008), hiyo karatasi inaonyesha ilitumwa ngapi na ada abebe nani, na benki inaweza kuifuata kutoka hapo. Benki nyingi hapa mjini zinafungulia kampuni akaunti ya euro ama dola na ni halali kabisa, sheria za kuzuia fedha za kigeni zilifutwa 1995. Ukiwa nayo unabadilisha siku rate inakupendeza, si siku wao wanataka.

PayPal mimi siipendi kwa invoisi kubwa. Ni rahisi, na tangu 2018 unaweza kuvuta mpaka M-Pesa, lakini rate wanayokupa ni yao, iko chini ya soko, na kwa euro 1,800 kila mwezi hiyo tofauti inalipa karo ya mtoto wa mtu.

Diaspora_Leipzig
Niongeze kutoka upande wa huku, maana mimi ndio huulizwa na Wajerumani. Huyu mama wa uhasibu anafungua benki yake na kuna kisanduku kimeandikwa IBAN, ile namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, yeye amezoea tarakimu na herufi 22, na Kenya hatutumii IBAN. Ukimtumia namba ya akaunti na SWIFT code, zile herufi za kutambulisha benki, anashtuka kama umempa namba ya Bonga Points za Safaricom. Lazima aende sehemu ingine ya kutuma nje ya Ulaya, anajaza fomu, analipishwa, anakasirika, anachelewa wiki. Payoneer hapo inasaidia, wanakupa akaunti ya kupokelea euro yenye IBAN, kwake ni malipo ya kawaida tu kama anamlipa mtu wa hapa mtaani, makato unakuja kukutana nayo wewe ukivuta. Ama yeye mwenyewe atume na Wise, app ya kutuma pesa nje, inafika benki yako ama M-Pesa, lakini inafika ikiwa shilingi na kwa M-Pesa kumbuka mwisho ni 250,000 kwa mara moja. Hiyo yako ya 1,800 mara nyingi itazidi kidogo, igawe.

Kidole_Juu
na mkiweka hizo dola msifanye kama mimi, Januari 2024 shilingi iko 160 mimi nimekalia dola zangu nangoja ifike 200, Februari serikali ikauza Eurobond mpya, yaani ikakopa nje, ya dola bilioni 1.5 kulipa ile ya zamani, kabla sijamaliza kusoma habari iko 130. sitasema nilipoteza ngapi bibi yangu anasomanga hapa

mzee_wa_Buru
Vijana tusiingize siasa. Kijana ameuliza imeili.

Kidole_Juu
heshima yako mzee, lakini rate ya dola ni siasa, ada ya kutuma pesa ni siasa. si ile bili ya fedha ya 2024 ilitaka ushuru wa hizo ada utoke asilimia 15 uende 20? watu waliandamana tao Juni, hawakwenda kupunga hewa. na tarehe 25 hiyo net ikaanguka nchi nzima, hata ungekuwa na seva ya dhahabu invoisi ingeenda wapi

mzee_wa_Buru
Sikatai. Nasema ajibiwe kwanza.

MamaZawadi_Safari
Naomba mnisikilize kwa sababu hapa mnaongea bei na GB na mimi niliumia mahali pengine kabisa. Nafanya safari za watalii, ofisi South B. Kuna familia ilikuwa inakuja Mara, tumeandikiana wiki nzima, nimewatumia invoisi, kesho yake wanaandika asante tumelipa ile akaunti mpya. Akaunti gani mpya? Mwili ulikufa ganzi. Mtu alikuwa ameingia kwa imeili yangu, sijui lini, akaweka ile sheria ya kupeleka nakala ya kila barua yenye neno invoisi kwake, akangoja. Invoisi ilikuwa yangu, nembo yangu, hata vile mimi huandika "karibuni sana nyumbani" aliandika, akabadilisha namba ya akaunti peke yake. Pesa ilienda benki ya nchi ingine na haikurudi. Niliwapeleka Mara kwa hasara yangu kwa sababu ningefanya nini, watoto walikuwa wameshaambiwa watamuona simba.

Paswadi yangu ilikuwa moja kwa kila kitu. Sasa hivi kila mtu ofisini ana uthibitisho wa hatua mbili kwa app, si kwa SMS, kila Jumatatu naangalia hizo sheria za kuforward, na chini ya kila invoisi nimeandika kwa herufi nene kwamba akaunti yetu haibadilishwi kwa imeili na kabla ya kulipa mara ya kwanza nipigie simu nikusomee namba. Wazungu wengine wanaona kama ni ushamba. Wapige tu.

seva_na_chai
Mama pole sana. Hii ndio ningeanza nayo badala ya GB. Mtafsiri, hiyo ya hatua mbili usiweke kesho, weka leo, pamoja na kwa akaunti ya domeini.

DadaWaMahesabu
Pole mama. Na kaka hiyo ya kufungua nje achana nayo. Naelewa watu wanaogopa, Imperial Bank ilifungwa 2015, Chase 2016, na bima ya KDIC, lile shirika la serikali la kulinda akiba, inalinda shilingi 500,000 tu kwa kila mwenye akaunti benki moja. Lakini huko nje watakuomba salio kubwa na karatasi za kujaza gunia, na tangu Februari 2024 FATF, wale wa dunia wa kupambana na pesa chafu, watuweke orodha ya kijivu ya nchi za kuchungwa, Mkenya akitajwa wanaongeza maswali. KRA, watu wa ushuru, nao wako kwa CRS, mpango wa nchi kupeana habari za akaunti, kwa hivyo hujifichi, unalipa ada ya kujificha bure.

Kidole_Juu
wakubwa pekee ndio wanajificha vizuri. mzee nimemaliza, sijasema jina

mtafsiri_wa_Ngara
Nimerudi. Fundi nilimpata Rongai, ameachilia domeini kwa 3,000 na soda. Tumehamia Zoho ya bure, seva_na_chai ile mistari ya DNS imeingia, nimejitumia Gmail ikaingia kwa inboksi vizuri. Hatua mbili iko kwa wote watatu, mmoja amelalamika mpaka saa hii. Kwa pesa nikaona nifungue akaunti ya euro hapa hapa, nikampigia klaenti simu nikamsomea namba moja moja kama mama alivyosema, amefurahi sana, akasema hakuna mtu wa Afrika amewahi kumpigia kuhusu usalama. Baada ya dakika kumi ameandika anashukuru, na anauliza IBAN iko wapi.

Diaspora_Leipzig
😂😂😂 si nilikuambia