Defender mpya ni Defender kweli, au ni shangingi lenye jina la kurithi?

Wakuu, kila hoja hii ikiletwa mezani mwisho wake ni kurushiana maneno. Kambi moja inasema Defender ya sasa ya Land Rover ni shangingi la mjini lililopewa jina la marehemu. Kambi ya pili inasema waliong'ang'ania One Ten, yaani ile Defender ndefu ya zamani, wanaabudu kelele, joto na oili inayovuja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue aanzie wapi. Kwenye kupita njia mbovu, mpya imeizidi ya zamani karibu kila mahali. Kwenye kazi, haijarithi nafasi yake. Na lawama ya hilo siitupii bodi wala kompyuta. Naitupia kiwanda, kilichoamua kumuuzia mtu mwingine.

Kwa wasiofuatilia, historia kwa ufupi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kinatolewa kwa mgawo, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu na chesisi ikabaki ya chuma. Springi za koili zilikuja na One Ten mwaka 1983, kisha Ninety mwaka 1984. Jina Defender lilianza 1990 tu, Discovery ilipokwisha kuingia sokoni na gari la zamani likahitaji jina lake. Uzalishaji ulikoma Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na ukijumlisha na zile Series, matoleo ya kabla ya One Ten, zote zilikuwa zimeshatoka zaidi ya milioni mbili. Mpya ilizinduliwa Frankfurt Septemba 2019 na inaundwa Nitra, Slovakia.

Nianze na haki ya mpya, kwa sababu hapa ndipo wapenzi wa zamani wanaposema mambo yasiyo kweli. Kiwanda kiliipa ya zamani kina cha maji ya kuvuka cha milimita 500; mpya kinaipa 900. Ikiinuliwa kwa springi za hewa, tumbo lake linakaa milimita 291 juu ya ardhi. Inavuta tela la tani tatu na nusu. Halafu kuna jambo ambalo kila aliyeendesha One Ten wakati wa masika analijua: loki yake ni ya katikati tu, inagawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja la mbele likining'inia kwenye korongo, na la nyuma upande wa pili likakosa pa kushika, gari linasimama palepale. Matairi mawili yanazunguka bure, mawili yametulia kimya. Hapo ni jembe, mawe na watu wa kusukuma. Mpya ikikuta hali hiyo inabana breki ya tairi linalozunguka bure, nguvu inahamia kwenye lile linaloshika, na gari linatoka taratibu dereva akiwa bado kwenye kiti chake.

Hoja ya kwamba gari lisilo na chesisi ni laini nayo tuipumzishe. Kwenye mpya, bodi na chesisi ni kitu kimoja cha aluminiamu, na kwa vipimo vya kiwanda ni kigumu kupinda mara tatu kuliko muundo wa chesisi na bodi juu yake. Kabla ya uzinduzi, gari la majaribio lililofichwa umbo kwa michoro lilipelekwa hifadhi ya Borana, Laikipia, likafanya kazi na Tusk, shirika la uhifadhi wa wanyamapori: kuvuta mizigo, kuvuka mito, kubeba vifaa vya watu wanaofuatilia simba. Majaribio ya kiwanda si msahafu, lakini anayesema gari hili limejaribiwa kwenye maegesho ya maduka tu anasema uongo.

Mahali ambapo ya zamani bado inaongoza, kwa maoni yangu, ni kwenye njia zilizochimbika mifereji mirefu ya matairi, tena ukiwa na mzigo. Ekseli yake ni kipande kimoja. Tairi likipanda jiwe, ekseli inainuka na difu (boksi la gia lililo katikati ya ekseli) inainuka nayo, kwa hiyo nafasi chini ya difu haipotei. Kwenye gari ambalo kila tairi linajitegemea, mzigo ukikandamiza, tumbo linashuka na matairi yanabaki yalipo. Springi za hewa zinalirudisha juu, ni kweli. Swali ni siku zitakapogoma.

Usalama tusiupite kimya. One Ten imeondoka kiwandani bila kuwahi kuwekewa hata mfuko mmoja wa hewa. Huko Marekani iliacha kuuzwa rasmi baada ya 1997 kwa sababu ya sheria za mifuko ya hewa na za kulinda abiria gari linapogongwa ubavuni. Mpya ilipata nyota tano za Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, mwaka 2020. Mtu mwenye watoto, anayesafiri usiku kutoka Arusha kwenda Dodoma kati ya malori, akichagua mpya, sina neno la kumwambia. Amefanya jambo la busara.

Sasa tuje kwenye kazi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Chukua hafushafti, kile chuma kinachopeleka mzunguko kutoka kwenye difu hadi kwenye tairi. Ya nyuma kwenye One Ten haibebi uzito wa gari. Uzito umekaa kwenye habu, yaani kitovu tairi linapofungwa, na beringi zake. Ikikatika, fundi hahitaji hata kung'oa tairi. Anafungua bolti tano katikati ya habu, anavuta chuma nje kwa mkono, kipande kilichobaki ndani anakihangaikia kwa waya au sumaku, anaingiza nyingine na gasketi mpya, anakaza. Kama spea hakuna, anatoa kilichokatika, anaziba tundu kwa kipande cha bati ili oili isimwagike, anavuta loki ya katikati, na gari linarudi nyumbani kwa matairi ya mbele. Kazi hiyo nimeiona ikifanyika pembeni ya njia, spana zimetandikwa juu ya kanga, abiria wamekaa kivulini wanasubiri, na hakuna aliyepiga simu mjini kuomba msaada. Injini ya 300Tdi, ya lita 2.5 na nguvu farasi 111, ni hivyohivyo. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na umeme inaouhitaji ili iendelee kuunguruma ni wa waya mmoja tu unaofungulia dizeli kwenye pampu. Betri ikichoka, inasukumwa.

Mpya ina makumi ya kontroli boksi, kompyuta ndogondogo zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe. Taa ikiwaka kwenye dashibodi ukiwa Wasso, kule Loliondo, ubovu unaweza kuwa ni sensa ndogo ya bei rahisi, lakini bila mashine ya kusoma na mtu mwenye programu ya kiwanda hutajua. Fundi wa Wasso si mjinga. Amefungiwa mlango.

Kuna na suala la kukata na kuunga, ambalo watu wa Ulaya kwenye mijadala yao hawalitaji kabisa. Ukipita gereji za Arusha zinazotengeneza magari ya watalii utakuta chesisi ya One Ten imekatwa katikati, imeongezwa kipande, imechomelewa na kutiwa mabati ya kuimarisha mbavuni, kisha juu yake linapandishwa bodi refu lenye viti vya ziada na paa la kuinua ili mgeni asimame kupiga picha. Chesisi hiyohiyo ndiyo inayobeba gari la wagonjwa, pikapu ya magunia, na yale magari ya abiria ya Loliondo na Longido ambayo siku ya mnada yanajaza watu mpaka juu ya keria. Mpya hairuhusu, kwa sababu ukikata bodi umekata gari lenyewe. Kiwanda kinatoa 90, 110, 130 na ile Hard Top ya mizigo. Pikapu hakuna. Chesisi tupu ya kujengea unachotaka hakuna. Kwangu mimi hili ni zito kuliko skrini, kuliko umbo, kuliko kelele zote za kusema mpya imekaa kama sanduku la sabuni.

Wapo watakaonijibu kwamba sheria za Ulaya ndizo zilizoiua ya zamani, kiwanda hakikuwa na hiari. Nusu ya jibu hilo naikubali. Sheria za moshi ziliondoa injini ya kimakanika na hazitairudisha. Lakini sheria haikukataza chesisi wala ekseli ya kipande kimoja. Ushahidi ni Ineos Grenadier ya tajiri Jim Ratcliffe, inayoundwa Hambach, Ufaransa, tangu 2022: ina chesisi ya ngazi, ekseli ngumu mbele na nyuma, injini za BMW, na inauzwa Ulaya kihalali. Bei yake nayo si ya mkulima wa mbaazi, na injini yake nayo ni ya kompyuta, kwa hiyo sisemi ndiyo dawa yetu. Nasema inathibitisha kwamba uamuzi ulikuwepo. Toyota nao wameuthibitisha kwa njia yao. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile tunayoiita Mkonga, ilianza 1984 na hadi leo inatoka kiwandani mpya, ikiwa na chesisi yake. Nani alichukua hospitali, hifadhi, mashirika na polisi baada ya Land Rover kuondoka? Angalieni barabarani.

Kwa hesabu za biashara kiwanda kimeshinda, na nisingependa tujidanganye. Miaka ya mwisho ya ile ya zamani mauzo yalikuwa yanazunguka kwenye 20,000 kwa mwaka. Mpya imeshapita laki moja kwa mwaka. Mwenye hisa hawezi kulia. Anayelia ni yule ambaye gari hili lilikuwa mtaji wake, na sauti yake haifiki kwenye mkutano wa wanahisa.

Naomba pia wapenzi wenzangu wa zamani waache kuitetea kwa mapenzi matupu. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu huliwa, na ukuta wa mbele kati ya injini na miguu ya dereva huoza kuanzia kwenye kona chini ya kioo. Gia boksi ya LT77 iliwatoa watu jasho. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani. Anayenunua leo kwa sababu ya picha nzuri mtandaoni atajuta mapema, na atakuwa ameongeza bei kwa yule anayeihitaji shambani.

Bei hiyo itazidi kupanda kwa sababu zilizopo haziongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na ya mwisho ilitoka 2016, kwa hiyo mlango huo umeshafungwa. Tanzania haijakataza, lakini gari kuukuu linaongezewa ushuru. Waliofika kwenye tamasha la Land Rover Arusha Oktoba 2024 waliona Land Rover za kila umri zimejaa mji, na nilifurahi kama kila mtu. Nyingi kati ya zile za zamani zinaishi kwa spea za kutengenezwa mitaani na za kukatwa kutoka kwa wenzake waliokufa. Hiyo inawezekana kwa muda. Haiwezekani milele.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mpya inastahili jina, nasema kwa dereva inastahili, kwa mwenye kazi haistahili, mpaka siku itakapotoka yenye springi za koili kila soko, yenye mgongo wa pikapu, na yenye programu ya kusoma hitilafu ambayo gereji yoyote inaweza kuinunua kwa bei ya kueleweka. Hilo la tatu haligusi hata bolti moja ya gari. Ni kibali tu.

Naomba kusikia kutoka kwa watu wa aina mbili. Kwanza, wenye mpya wanaoitumia nje ya lami kwa mizigo, si kwa matembezi ya wikiendi: springi za hewa zimedumu kilomita ngapi kwenye vumbi letu, na zilipokufa mlifanyaje? Pili, mafundi. Kuna kaka zangu Moshi, Nanyuki na Goma ambao najua wameshaifungua hii mpya. Semeni ni kipi mnaweza kukitengeneza bila mashine ya kiwanda, na ni kipi kimewashinda. Mkileta na picha za kilichovunjika, ndiyo vizuri zaidi.