Vav (ו): lini ni v, o au u? Na ile "na" ya Mwanzo 1:3 imekwenda wapi?

mwanafunzi_wa_alefu:
Wakuu, nasoma Mwanzo 1 kwa Kiebrania chenye nukta. Herufi ו inanivuruga: mara v, mara o, mara u. Tena kamusi inasema ikiwa mwanzoni mwa neno ni "na", ila mstari wa 3 wayomer (וַיֹּאמֶר) Biblia yetu ya Union inasema "Mungu akasema". "Na" haipo. Nieleweshwe.

kulabu6:
Anza na herufi iliyotangulia vav. Kama haina irabu yake wala shva (nukta mbili chini ya herufi, kuonyesha haina irabu kamili), vav ndiyo irabu: nukta ikiwa juu ni o, kama אוֹר (or, nuru), ikiwa katikati ni u, kama רוּחַ (ruach, roho). Kama herufi iliyotangulia tayari ina irabu au shva, vav ni v, hata ukiona nukta. Hapo ndipo wengi wanateleza: צִוָּה si "tsiu-a", ni tsiva, "aliamuru", na ile nukta ni dageshi ya kukaza herufi. Vivyo hivyo עָוֹן ni avon, "uovu". Nukta ya juu ni o inayofuata v.

Zamani ilitamkwa w, kama wau ya Kiarabu, na Wayahudi wa Yemeni bado wanaitamka hivyo. Ndiyo maana vitabu vingine vinaandika wayomer na vingine vayomer.

Jina lenyewe ni "kulabu": Kutoka 27:10, kulabu za nguzo za ua wa hema ni *vavei*, na umbo la herufi ni hilohilo. Usiichanganye na ז (zayin) yenye kichwa kinachotokeza pande zote mbili, wala ן (nuni ya mwisho wa neno) inayoshuka chini ya mstari.

nukta_na_shva:
Naongeza kuhusu "na". Kwa kawaida ni *ve*. Mbele ya ב, מ, פ (b, m, p) au herufi yenye shva inakuwa *u*: mstari wa 4 וּבֵין (uven, "na kati ya"), na b ya *ben*, "kati ya", imelainika kuwa v. Mbele ya yod (י, y) yenye shva inakuwa *vi*, na yod inapoteza shva yake: Yehuda, viyhuda. Mbele ya silabi yenye mkazo, hasa maneno yakiwa jozi, yaweza kuwa *va*: tohu vavohu, "ukiwa, tena utupu", mstari wa 2.

msoma_torati:
Mkuu, "na" haijapotea, imo ndani ya -ka-. Vav yenye patah (kistari cha chini, a), pamoja na dageshi kwenye herufi inayofuata, ikishika kitenzi cha yiqtol (umbo la kitenzi kisichokamilika), inasukuma hadithi mbele: vayomer akasema, vayar akaona. Vayehi, "ikawa", imekosa dageshi kwa sababu yod ina shva. Kwa "mimi" alefu haipokei dageshi, kwa hiyo patah inarefuka kuwa kamatsi (a ndefu): va'omar, "nikasema". Bila alama hizo maana inageuka: *veyomar* ni "na aseme".

Sasa tazama mstari wa 2: veha'arets, "na nchi". Vav imeshika nomino, hivyo mnyororo unasimama, tunapewa hali ilivyokuwa. Union imelinasa vizuri: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa". Hakuna -ka-.

Kuna na kinyume chake. Vav ikishika kitenzi cha kukamilika, mara nyingi inakuwa amri au wakati ujao: Kumbukumbu 6:5 ve'ahavta, "Nawe mpende". Mkazo mara nyingi unahamia silabi ya mwisho, kwa hiyo ukisoma kwa sauti usiuache katikati.

mwanafunzi_wa_alefu:
Imekaa. Ila mstari wa 5 una vayikra, "akaita", halafu velachoshech *kara*, "na giza aliliita". Kitenzi kilekile, mbona cha pili si vayikra?

msoma_torati:
Kwa sababu vav imeshanyakuliwa na "giza". Vayikra haitenganiki na vav yake, na vav hiyo lazima ikae mwanzoni mwa kishazi. Ukitanguliza neno lingine, kitenzi kinarudi *kara*. Kiswahili hakibanwi hivyo: "na giza akaliita Usiku", -ka- imebaki ingawa giza limetangulia. Kwa hiyo usihesabu vayiqtol (yiqtol yenye vav hiyo, kama vayomer) kwa kufuata -ka- za Union. Utapata nyingi kuliko zilizomo.