Kwa nini maandalizi ya mtambo wa muunganiko wa nyuklia huchukua muda mrefu?

Swali
Habari zenu. Ninafundisha fizikia, na wanafunzi wamenibana kwa swali nililoshindwa kulijibu vizuri. Tulikuwa tukisoma kuhusu Wendelstein 7-X, mtambo wa majaribio ya muunganiko wa nyuklia wa aina ya stelareta (unaoishikilia plazma kwa koili za sumaku zilizopindwapindwa) ulioko Greifswald, Ujerumani, ambao mwaka 2025 ulidumisha plazma, yaani gesi ya moto mno yenye chembe za umeme, kwa dakika 6. Kabla ya msimu wa majaribio, ukuta wa chombo cha plazma huokwa hadi nyuzi 150 za Selsiasi, ilhali koili za sumaku zilizo jirani nao hupozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Mambo hayo mawili yanapatanaje? Na ukuta unaokwa wa nini, iwapo plazma yenyewe ina joto la mamilioni ya nyuzi?

Jibu la kwanza
Ndugu mwalimu, jibu liko kwenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, nalo si moja bali ni mawili: la ndani ya chombo cha plazma na la kuzunguka koili. Koili 70 za mtambo huo hazimo ndani ya chombo cha plazma. Zimekizunguka, kisha zote zimefunikwa na chombo kingine cha nje, mfano wa chupa ya chai. Nafasi iliyo kati ya vyombo hivyo huondolewa hewa, hivyo joto la ukuta halipati cha kulibeba hadi kwenye koili, na lile linalosafiri kwa mnururisho huzuiwa na tabaka nyingi nyembamba zinazong'aa pamoja na ngao iliyopozwa. Kupoza kwenyewe hakuharakishwi, kwani vinavyopozwa vina uzito wa tani 425 hivi, na upande mmoja ukitangulia kusinyaa, viungo huelemewa. Ndiyo maana kazi hiyo huchukua wiki kadhaa.

Jibu la pili
Naongeza kuhusu ukuta, maana hapo ndipo penye kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Chombo kikifunguliwa ili mafundi waingie, ukuta hunywa unyevu wa hewa, na molekuli za maji huung'ang'ania hata baada ya pampu kufanya kazi siku nyingi. Plazma ni ya moto mkali, lakini uzito wake haufiki hata gramu moja. Oksijeni kidogo tu ikibanduka ukutani na kuingia humo, huanza kung'aa na kuimwaga nje nishati iliyotiwa kwa maikrowevu. Kwa hiyo ukuta huokwa ili maji yatoke, kisha umeme hupitishwa katika gesi hafifu hadi ing'ae na chembe zake kuusugua ukuta. Hatimaye huletwa diborani, gesi inayoacha utando mwembamba mno wa boroni wenye kuinasa oksijeni. Gesi hiyo ni sumu na huweza kujiwakia ikikutana na hewa, kwa hiyo si kazi ya kufanywa watu wakiwa wamezagaa karibu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, utando huo ukishawekwa hudumu msimu mzima?

Jibu la pili
Haudumu. Plazma huumomonyoa huku na kuurundika kule, kwa hiyo boroni hurudiwa. Ugumu ni kwamba ule mng'ao wa gesi haufai uga wa sumaku ukiwa umewashwa, hivyo katikati ya siku ya majaribio usafishaji hufanywa kwa plazma fupifupi za heli.

Jibu la tatu
Mmesahau uvujaji. Niliwahi kufanya kazi katika maabara ya ombwe, na kilichotumalizia siku ni kutafuta tundu lisiloonekana. Unapuliza heli kwa mrija mwembamba kuzunguka kila kiungo huku ukitazama kipimo cha heli kilichounganishwa na pampu. Kwa kuwa hewa ya kawaida ina heli sehemu 5 hivi tu katika milioni, kipimo kikipanda umempata mhalifu. Safari moja tulihangaika siku tatu, kumbe ni unywele mmoja uliolala juu ya mpira wa kuzibia. Mtambo mnaouzungumzia una milango 254 ya vipimo, pampu na maikrowevu. Uvujaji ukigunduliwa upande wa koili baada ya kupoza, huenda tani zote 425 zikalazimika kupashwa upya ndipo fundi aufikie.